Makoti Meupe Yasiyo na Mwenyewe

Pipa la kuchemshia nguo nyeupe lilifunuliwa Jumapili saa nne asubuhi, na mke wa mpiga pasi akaona vipande vya karatasi vikielea juu ya povu kama uji uliokatika. Akachukua fimbo ya kukorogea, akavua koti la kwanza. Halina namba. La pili, halina. La tatu lilikuwa na pini ya stepla tu, imejikunja kolani, karatasi imeenda zake.

"Mama weee," alisema polepole, kama mtu anayejiambia siri.

Yalikuwa makoti thelathini na nane. Yote meupe, yote ya kazi: ya kinyozi, ya muuza nyama, ya manesi, ya mpishi wa hoteli, ya mfamasia, ya mwalimu wa maabara na wengine wa aina hiyo. Mtaa ule una watu wa kila kabila na kila dini, wanaogombana kwa lugha sita, lakini kazini nusu yao wanavaa koti jeupe lenye mifuko miwili. Na sasa hapakuwa na mtu wa kusema lipi la nani.

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Pasi, alisogea akachungulia pipani. Ni mtu wa maneno machache, na machache hayo huchelewa.

"Nilidhani karatasi zako haziingii maji," alisema.

"Nilizizungushia selotepu!"

"Maji ya moto haya."

"Uliziona wakati unatumbukiza nguo?"

"Niliziona."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani ndio mambo ya kisasa."

Kuna siku mtu hupata hamu ya kumtumbukiza mumewe pipani, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Tuseme ukweli, hakuwa mwanamke mzembe. Kazi yake ilikuwa mbele, kaunta, kupokea nguo na kutoa; pipa lilikuwa la mumewe, na alama za nguo zilikuwa za mama mkwe wake, Bi Dobi. Kwa miaka arobaini na tatu bibi yule alishona nyuzi ndani ya kola ya kila nguo inayoingia pale, rangi hii na fundo hili kwa nyumba fulani, rangi ile na mafundo mawili kwa nyumba nyingine. Hakuwahi kuandika jina la mtu. Hakuwahi hata kununua kalamu.

Halafu Jumanne iliyopita akaja afisa wa manispaa na fomu. Mwenye jengo alitaka kulibomoa jengo lote la kona, duka lao likiwemo, ila manispaa ilisema biashara kongwe za mtaa zitaandikwa katika orodha, na itakayoandikwa haitaguswa. Isiyoandikwa ihamishe vitu vyake kabla ya mwisho wa mwezi. Afisa aligeuza kola ya koti moja lililokuwa kaunta, akavuta uzi kwa ukucha, akauliza, "Na hizi takataka ni za nini?" Mke wa Pasi akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Afisa akaendelea: atarudi Jumatatu saa tatu na nusu, akute utaratibu wa kumbukumbu unaoeleweka, na fomu iwe imesainiwa na mwenye biashara kabla ya saa sita mchana, kwa sababu saa sita orodha inafungwa.

Basi mke wa Pasi akanunua daftari. Akakata karatasi, akaandika namba, akapiga stepla. Na kwa kuwa hakutaka afisa aone tena takataka, alikaa siku mbili na wembe akifumua nyuzi za nguo zote zilizokuwemo dukani, moja baada ya nyingine, bila kumwambia mama mkwe. Kufikia Ijumaa mtaa ulishampa jina: Mama Daftari. Alilipenda kidogo, ingawa alijifanya halipendi.

Sasa daftari lilikuwa kaunta, safi, namba moja mpaka thelathini na nane, na mbele ya kila namba jina la mtu. Lilikuwa halina faida yoyote.

* * *

"Leteni hapa," alisema Bi Dobi alipoambiwa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mkwe wake. "Nyuzi mlizifumua zote?"

"Nilizifumua mimi, Mama. Peke yangu."

"Hata za mifukoni?"

"Hata za mifukoni."

Bi Dobi alivuta pumzi. Akajifuta mikono kwenye kanga yake, akaketi juu ya bunda la shuka, akanyoosha mikono kama mtu anayepokea mtoto. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho kwa miaka kadhaa, hilo nyumba nzima ililijua, lakini alikuwa akisema kazi yake iko vidoleni na watu wakamwamini. Pasi akampa koti la kwanza. Bibi akalipapasa kola, akavuta mikono, akanusa kwapa.

"La muuza nyama."

Mkwe alilitazama. Lilikuwa dogo, la kiuno, la mwanamke. Muuza nyama ana mwili wa kabati.

"Sawa, Mama," alisema.

"La pili hili la mfamasia. La tatu... mh. La tatu lete tena." Akalipapasa mara ya pili, mara ya tatu. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Likaja la nne, la tano. La sita alilishika muda mrefu sana, kisha akaliweka mapajani, akalikunja vizuri kwa mazoea.

"Sijui," alisema. "Sijui hata moja."

Pasi alitoka nje kwenda kuangalia kamba za kuanikia, ingawa zilikuwa pale pale zilipo kila siku. Mkwe alibaki amesimama. Alitaka kusema samahani, lakini neno lilikuwa dogo mno kwa kitu alichokifanya, akaona bora akaanike nguo.

* * *

Jumatatu saa moja asubuhi makoti thelathini na nane yalikuwa kwenye kamba mbele ya duka, yamenyooshwa pasi, yametundikwa toka upande mmoja wa barabara mpaka mwingine. Watu waliokuwa wakienda kazini walisimama. Mke wa Pasi alipanda juu ya kreti la soda, akajikaza kisabuni, akatangaza.

"Jamani, nimekosea. Namba zimeyeyuka na nyuzi nilizitoa. Naomba kila mtu atafute lake. Asiyeliona atanisamehe, na asiyeweza kunisamehe anitukane, lakini atukane taratibu, Mama yuko ndani."

Alijiandaa kwa matusi. Alikuwa ameshakaza uso. Kinyozi alicheka tu, akapita chini ya kamba huku ameinama.

"Hili la Sista," alisema, akivuta koti dogo la kiuno. "Mfuko wa kulia umechanwa na mkasi, anaweka mkasi bila kifuniko. Sista! Njoo uchukue lako."

Sista, nesi wa zahanati ya nyuma, alikuja akalipokea bila kulikagua. Yeye naye akanyoosha mkono. "Na lile la nne ni la Bucha. Kifungo cha tatu kimeshonwa na uzi wa kufungia nyama. Angalia."

"La mwalimu liko huku, lina tundu la tindikali!"

"Mpishi, lako hili, tumbo limelegea kama wewe!"

Mke wa Pasi alishuka kwenye kreti taratibu. Kulikuwa na jambo hapa. Hakuna mtu aliyekuwa anatafuta koti lake. Kila mtu alikuwa anatafuta la mwenzake, na analipata. Na walikuwa wepesi, walikuwa na mpangilio, mmoja anashika, mwingine anaita, wa tatu anakunja. Watu waliopoteza nguo hawafanyi hivi. Hivi wanafanya watu waliozoea.

"Mnajuaje?" alimuuliza kinyozi.

Kinyozi alijifanya anapiga chafya.

"Nimeuliza mnajuaje nguo za wenzenu."

"Shemeji, tunaonana kila siku bwana. Mtaa huu mdogo."

Mtaa haukuwa mdogo. Mwaka mmoja kabla ya hapo Sista na muuza nyama walikuwa hawasalimiani, kwa sababu ya mbwa. Sasa Sista alikuwa anamfunga muuza nyama kifungo cha kola na kumuuliza presha yake inaendeleaje. Mke wa Pasi alikuwa bado anaangalia jambo hili wakati afisa wa manispaa alipotokea kwenye kona, saa mbili kamili, saa moja na nusu kabla ya muda aliosema.

* * *

Afisa alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vibaya, na Pasi alipomuona alitikisa kichwa. Aliinama chini ya kamba, akaziangalia nguo, akauangalia umati, akafungua faili.

"Huu ndio utaratibu wa kumbukumbu?"

"Kulikuwa na namba," alisema mke wa Pasi. "Zimeyeyuka."

"Na zile nyuzi?"

"Nilizitoa. Kwa sababu yako."

"Mimi sikusema uzitoe."

"Ulisema takataka."

Afisa alikohoa. Akaanza kuandika kitu, na mke wa Pasi, ambaye anasoma maandishi hata yakiwa kichwa chini, aliona neno *hakuna*. Miaka arobaini na tatu ya bibi yule, na yeye ameimaliza kwa wembe wa kunyolea na pakiti ya stepla.

Hapo ndipo muuza nyama alipoona ni wajibu wake kuingilia. Muuza nyama ana roho nzuri na sauti ya mnada, na viwili hivyo vikikutana huleta maafa.

"Afisa, ngoja kwanza! Hapa kwa Bi Dobi hakuna nguo inayopotea. Hakuna! Mwaka mzima huu macho yake hayaoni rangi, bluu kwake ni nyeusi, nyeusi ni kijani. Mwaka mzima ananifungia koti la kinyozi, la kinyozi anampa mfamasia. Je, kuna lililopotea? Hata moja! Kila Jumatatu tunakutana kinyozini tunabadilishana wenyewe kwa wenyewe, kimya kimya, na kila mtu..."

Kinyozi alimkanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Alikuwa amechelewa.

Bi Dobi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kazini na amejifunga ushungi, tayari kumpokea afisa. Alisimama hivyo hivyo kwa muda, uso umeelekea mahali sauti ilipotoka. Kisha akageuka akarudi ndani, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

"Bucha," alisema Sista, "Mungu alikupa mdomo akasahau mlango."

Muuza nyama alikuwa ameshika kichwa. Machozi yalimjaa kweli kweli, mtu mzima na koti lake jeupe.

"Mimi nahitaji saini," alisema afisa. "Ya mwenye biashara. Orodha inafungwa saa sita, na nina mitaa mingine miwili."

* * *

Mke wa Pasi alimkuta ameketi juu ya bunda la shuka, ameukunja ushungi mapajani.

"Mwaka mzima," alisema Bi Dobi.

"Nimesikia, Mama."

"Wewe ulijua?"

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Unafunga mabunda wewe mwenyewe, mimi natoa tu kaunta."

"Ungejua ungeniambia?"

Mkwe alifikiri. Angeweza kusema uongo mtamu, na siku nyingine angesema. "Ningekuambia siku hiyo hiyo. Tena kwa ukali."

"Ndiyo maana hawakukuambia." Bi Dobi alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Wamenionea huruma. Mimi! Yule kinyozi nilimfulia nepi. Mfamasia alikuja hapa na shati moja, nikawa namfulia asubuhi analivaa jioni. Leo wananirekebishia kinyozini kama mtoto aliyekojoa kitandani, wanaficha shuka. Nenda kamwambie huyo kijana sisaini. Nitasaini nini? Kwamba mimi ni dobi?"

"Usiposaini tunahama mwisho wa mwezi."

"Tuhame."

"Wapi, Mama?"

Nje waliwasikia watu hawaondoki, ingawa muda wa kazi ulishapita. Viatu vilikuwa vinakwaruza barabara, mtu anakohoa, mtu anamnyamazisha muuza nyama aliyekuwa kimya.

Mkwe alikaa chini sakafuni. Miaka kumi na moja katika nyumba ile hakuwahi kukaa chini mbele ya mama mkwe wake. Siku zote walizungumza wamesimama, kila mmoja na kazi mkononi, kama watu wanaogombea mlango.

"Alama ya kinyozi ilikuwaje?" aliuliza.

"Ya nini sasa?"

"Nataka kujua. Nimefumua vitu nisivyovijua."

Bi Dobi akasema kwa hasira, kama anayerudishiwa deni, "Bluu mbili, fundo moja. Bluu ni waliokuja na reli. Babu yake alikuwa fundi wa reli. Huna hata haya, ulikuwa unafumua tu?"

"Na Bucha?"

"Nyekundu. Nyekundu ni waliokimbia vita kule mpakani, walishuka hapa kona na magodoro. Nyumba kumi na nne zilikuwa nyekundu, sasa zimebaki tano. Mafundo matatu, maana baba yake alikuwa wa tatu kufungua duka."

"Sista?"

"Kijani na nyekundu, zimesokotwa pamoja. Mama yake alitoka kwa watu wa kiwandani, hao ni kijani. Akaolewa kwa wekundu. Kulikuwa na ugomvi wa miezi sita, hakuna upande uliotaka kwenda kwenye harusi. Nikawapelekea shati la bwana harusi na gauni la bibi harusi, zote zina uzi uliosokotwa. Wakauona. Wakaja." Alipangusa pua. "Sasa wasokotwa ni wengi kuliko wa rangi moja. Ndicho kilichonishinda. Fundo naweza kupapasa. Rangi mbili zikisokotwa, bila macho, ni uzi tu."

Mkwe alisimama, akamshika mkono. "Twende ukamwambie hayo."

"Kumwambia kwamba sioni?"

"Hilo ameshaambiwa, Mama. Na sauti ile imefika mpaka stendi."

Bi Dobi hakutaka kucheka, lakini alicheka.

* * *

Bi Dobi alijifunga tena ushungi, akatoka nje peke yake, bila kushikwa, akasimama nyuma ya kaunta yake.

"Kijana, hapo kwenye mwenye biashara umeandika nani?"

"Wewe, mama. Ndivyo ilivyo kwenye leseni."

"Futa. Andika mke wa mwanangu."

Umati uliguna. Pasi, aliyekuwa ameshika pasi mkononi muda wote bila kuipiga popote, aliiweka chini.

"Masharti yanasema biashara ibaki katika familia ile ile," alisema afisa. "Mkwe ni familia?"

"Ungeniuliza miaka kumi iliyopita ungepata jibu lingine," alisema Bi Dobi. "Andika."

Afisa alimgeukia mke wa Pasi. "Na wewe kazi unaijua? Alama hizi unazijua? Kwa sababu hapa nimeshaandika hakuna kumbukumbu."

Angeweza kusema ndiyo. Watu wote wale wangemuunga mkono. Walikuwa na mazoezi ya mwaka mzima ya kuficha.

"Najua tatu," alisema. "Nimefundishwa sasa hivi ndani. Zilizobaki anazo yeye kichwani. Macho ndiyo yamekataa, kichwa kizima. Kaa hapo usikilize."

Akalichukua daftari lake, akafungua ukurasa mpya. Akamwita Bucha kwanza, labda kwa kumhurumia. Bucha akasogea, akainama kama anayenyolewa, na mke wa Pasi akatunga sindano. Bi Dobi alitaja rangi na fundo, akataja walikotoka, walivyofika, nani alioa wapi na nani alinuna. Mkwe akashona kolani, kisha akaandika. Ilipofika zamu ya mpishi wa hoteli kukawa na ubishi, maana yeye mwenyewe alidhani kwao ni watu wa reli, na Bi Dobi akamwambia mbele ya watu kwamba babu yake alikuja na kiwanda, reli aliitazama tu kwa dirisha. Afisa alikuwa amekaa kwenye kreti la soda. Mara mbili alisahau kuandika. Saa tano na robo alichukua rula, akakata mstari juu ya neno *hakuna*, na pembeni yake akaandika mistari saba iliyobana sana. Mke wa Pasi alisaini.

"Itakuwa kwenye orodha," alisema afisa. Akafunga faili, akaondoka.

Watu walitawanyika kwenda makazini kwao, wamechelewa wote, makoti mgongoni. Duka likabaki na watu watatu. Mkwe alikuwa anakusanya nyuzi zilizobaki alipoona Bi Dobi amenyanyua ubao wa kaunta, amepita, amesimama upande wa nje, pale wanaposimama wateja. Alikuwa anajivua ushungi. Akaukunja mara mbili, akauweka juu ya kaunta, akausukuma mbele.

"Huu nao," alisema.

"Mama, huu ni wako. Nguo zako hazina alama."

"Hazikuwa nazo. Zilikuwa nguo za dobi." Aliutafuta ukingo wa kaunta kwa vidole, akaushika. "Weka alama."

Mkwe alisimama na sindano mkononi. Pasi, nyuma, aliacha kupiga pasi.

"Rangi gani, Mama?"

"Chagua wewe. Mimi siioni." Bibi alinyoosha mgongo. "Utakuwa tayari lini?"

"Alhamisi."

"Mapema?"

"Saa tatu asubuhi, Mama. Nitaufunga mwenyewe."

"Haya," alisema Bi Dobi, na kwa sababu hakuwahi kusimama upande ule, alibaki pale kidogo, hajui mteja akishamaliza huwa anaelekea wapi.